Mwalimu Aliyeingia Barazani

Wasikilizaji wetu, katika chuo cha ualimu tunamofundisha iko desturi ya jioni. Baada ya chakula, kabla taa hazijazimwa, wanafunzi hukusanyika na kuulizana mambo ya nchi, nasi walimu huketi nyuma kusikiliza, tusiseme neno ila tukiulizwa. Jioni moja kijana mmoja aliuliza: Ni nani Mwafrika wa kwanza aliyeketi katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, naye alichaguliwa na nani? Mmoja akasema ni Harry Thuku. Mwingine akasema ni Jomo Kenyatta. Wa tatu akaapa kwamba ni Tom Mboya. Hakuna aliyemtaja Eliud Mathu. Hapo tukaona haya, maana mtu huyo alikuwa mwalimu kama sisi, na kama watakavyokuwa vijana wale, na kosa la kutomjua si lao bali ni letu. Basi mazungumzo ya leo ni jibu la swali lile. Sehemu yake ya kwanza hujibika kwa jina moja tu. Sehemu ya pili, alichaguliwa na nani, ndiyo itakayotuchukua muda.

Yafaa kwanza tujue Baraza lenyewe lilikuwa namna gani. Liliketi mara ya kwanza mwaka 1907, nalo lilikuwa la maofisa wa Serikali pamoja na Wazungu wachache walioteuliwa na Gavana. Baada ya Vita Kuu ya kwanza walowezi wa Kizungu wakapewa haki ya kuchagua wajumbe wao wenyewe, nao wakawa 11. Baadaye Wahindi wakapata viti 5, na Waarabu wa pwani wakachagua mjumbe 1. Waafrika, ambao ndio waliokuwa watu wengi kuliko wote, hawakuwa na mtu. Mwaka 1923 Serikali ya Uingereza ilitoa tangazo kwamba katika Kenya maslahi ya Waafrika ndiyo yatakayotangulia mengine yote. Maneno yalikuwa makubwa, lakini matendo yaliyoyafuata yalikuwa madogo: mwaka 1924 aliteuliwa mmisionari mmoja, Daktari John Arthur wa misioni ya Kanisa la Scotland huko Kikuyu, awaseme Waafrika barazani. Akafuatwa na wamisionari na Wazungu wengine, hata mwisho akaingia Leonard Beecher wa kanisa la Kianglikana.

Hatutaki kuwadharau wazee hao. Baadhi yao waliijua lugha ya watu na kuyajua matatizo yao, wakayasema barazani pasipo kuogopa nyuso za walowezi. Lakini wazee wetu walinena kwamba adhabu ya kaburi aijua maiti. Mtu aliyelala nyumba ya mawe hawezi, hata awe mwema vipi, kusimulia ipasavyo jinsi mvua inavyovuja katika chumba cha kuli wa bandari. Kwa muda wa miaka 20 Waafrika wa Kenya walisemewa, nao hawakusema.

Sasa tuje kwa mtu mwenyewe. Eliud Wambu Mathu alizaliwa mwaka 1910 huko Riruta, katika nchi ya Kiambu. Siku hizi Riruta ni mtaa wa jiji la Nairobi, na mgeni apitaye huko kwa basi haoni mpaka wowote. Zamani zile lilikuwa shamba na malisho ya Wakikuyu, lakini reli ilikuwa imekwisha kufika Nairobi mwaka 1899, na ardhi ya majirani ilikuwa ikikatwa vipande kwa ajili ya walowezi. Kijana aliyekulia Riruta alikuwa akisimama penye mpaka wa mambo mawili: upande huu migunda ya baba zake, upande ule mji wa Serikali, wenye ofisi, maduka na magereza. Twadhani hiyo ndiyo shule yake ya kwanza, kabla ya ile ya misioni.

Mwaka 1926 misioni za Kiprotestanti ziliungana zikafungua shule ya Alliance huko Kikuyu, iwe shule ya juu kwa vijana wa Kiafrika. Mathu alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake wa kwanza. Ninyi msikiao leo, ambao mna shule za sekondari kote nchini, ni vigumu kwenu kufahamu jambo hilo lilikuwa na uzito gani. Vijana wachache tu ndio walioketi katika madawati yale, na nchi nzima ilikuwa ikiwatazama: Serikali ikitafuta makarani na walimu, misioni zikitafuta wahubiri, na wazee wa nyumbani wakitafuta watu watakaoweza kuzisoma zile karatasi zilizokuwa zikichukua mashamba yao. Mathu alipomaliza masomo akawa mwalimu.

Hakutosheka. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikwenda Afrika ya Kusini, katika chuo cha Fort Hare, ambacho kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1916, nacho kilikuwa karibu peke yake katika Afrika ya kusini na mashariki kumpa Mwafrika masomo ya daraja ile. Huko alikutana na Waafrika wa makabila mengine waliokuwa wamezijua sheria za pasi na ubaguzi wa rangi kwa miaka mingi kuliko watu wa Kenya. Kisha akaenda Uingereza, akasoma Exeter, na baadaye katika chuo cha Balliol cha Oxford. Aliporudi, vita ya Hitler ilikuwa imekwisha kuanza, naye akarudi katika kazi ileile ya kushika chaki.

Hapa hatuna budi kusema jambo ambalo walimu hulisema kwa sauti ndogo, nalo ni mshahara. Katika Kenya ya siku zile palikuwa na mishahara ya aina tatu kwa kazi ya Serikali: wa Mzungu, wa Mhindi na wa Mwafrika. Hata baada ya vita, tume iliyoongozwa na Holmes, mwaka 1948, ilishauri kwamba Mwafrika mwenye cheo sawasawa na cha Mzungu alipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu, na ushauri huo ulihesabiwa kuwa maendeleo. Mtu akaweza kusoma katika chuo kimoja na Mzungu, kula naye meza moja, kufanya mtihani uleule. Lakini meli ikitia nanga Kilindini, kila mmoja hurudi katika daraja lake. Mathu alifundisha Alliance kwa muda, kisha akaondoka akawa mkuu wa shule huko kwao Dagoretti. Alikuwa angali na miaka 34 jina lake lilipotajwa kwa Gavana.

Twaweza kuuliza, mbona mwalimu? Mbona hakutafutwa chifu, au mzee wa baraza, au tajiri mwenye ng'ombe? Jibu ni kwamba Baraza liliendeshwa kwa Kiingereza, na tena Kiingereza cha sheria na hesabu za fedha. Machifu wengi hawakukijua, nao waliokijua walikuwa watu wa mshahara wa Serikali. Mwalimu ndiye aliyeweza kusoma muswada usiku na kuuliza swali asubuhi. Jambo hilo halikuwa la Mathu peke yake. Mtu wa pili aliyeingia barazani, Benaiah Ohanga wa Nyanza, aliyeteuliwa mwaka 1947, naye alikuwa mwalimu. Oginga Odinga alikuwa mwalimu. Ronald Ngala wa pwani alikuwa mwalimu. Masinde Muliro na Daniel arap Moi walikuwa walimu. Historia ya siasa ya Kenya, ukiifuata nyuma, mara nyingi hukupeleka mpaka mlango wa darasa.

Basi mwezi wa Oktoba 1944 Gavana alimteua Eliud Mathu awe mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Mwangalie neno hilo: alimteua. Hapakuwa na kura wala sanduku. Viongozi wa Kiafrika waliliona jambo hilo, nao wakatafuta njia ya kulitengeneza. Katika mwezi uleule walikusanyika Nairobi wakaunda chama, ili mtu yule mmoja asiketi kama yatima, bali awe na watu nyuma yake wa kumshauri na kumtuma. Harry Thuku, ambaye mwaka 1922 kukamatwa kwake kulileta mauaji ya watu mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi, aliwekwa mwenyekiti; Francis Khamisi, mtu wa pwani, akawa katibu. Serikali haikulipenda neno chama cha siasa, hivyo kwa muda kiliitwa chama cha kujifunza. Mwaka 1946 neno hilo la kujifunza likaondolewa, kikabaki Kenya African Union, nacho kwa kifupi chaitwa KAU. Thuku hakukaa sana. Mwaka 1945 James Gichuru akachukua uenyekiti, naye, wasikilizaji, alikuwa mwalimu.

Sasa mtazameni Mathu siku alipoingia. Mbele yake wameketi maofisa wa Serikali waliozoea kuamuru. Kando yake wako walowezi, baadhi yao waliokwisha kusema hadharani kwamba Mwafrika hatakuwa tayari kwa vizazi vingi. Hesabu ya watu ya mwaka 1948 ilikuta Waafrika zaidi ya milioni 5 katika nchi, na Wazungu karibu 30,000. Barazani Wazungu wa kuchaguliwa walikuwa 11, na Mwafrika alikuwa 1. Kura yake haikuweza kupitisha wala kuangusha chochote. Silaha yake ilikuwa swali. Mjumbe yeyote aliruhusiwa kuiuliza Serikali, na Serikali ililazimika kujibu, na jibu liliandikwa na kupigwa chapa. Mathu akaitumia ruhusa hiyo kama mwalimu anayemwuliza mwanafunzi asiyefanya kazi yake ya nyumbani. Alisema juu ya ardhi, juu ya shule, juu ya mishahara, juu ya askari waliotoka vitani wasipewe kitu.

Alisema pia juu ya kipande. Wazee wetu hawahitaji maelezo, lakini vijana wahitaji. Kipande kilikuwa hati yenye alama za vidole na jina la tajiri aliyekuandika kazi, nacho kila mwanamume wa Kiafrika alipaswa kukichukua tangu sheria hiyo ilipoanza kutumika, baada ya Vita Kuu ya kwanza. Wengi walikitia katika kikopo cha chuma na kukivaa shingoni kwa kamba. Aliyekamatwa bila kipande alifungwa au alitozwa faini. Mathu na wenzake wa chama hawakudai tu kwamba kifutwe. Walidai kwamba ikiwa watu lazima waandikishwe, basi waandikishwe watu wote, wa kila rangi. Mwaka 1947 sheria ya namna hiyo ikapitishwa. Ndipo walowezi wengi walipogutuka, wakapiga kelele kwamba ni aibu Mzungu kutiwa wino vidoleni. Hatuwezi kuficha kwamba tulicheka tulipoisoma habari hiyo. Jambo lililokuwa utaratibu mwema kwa Mwafrika kwa muda wa miaka karibu 30 liligeuka aibu siku moja, nalo halikuwa limebadilika hata kidogo.

Mambo mengine hayakwenda hivyo. Mwishoni mwa 1945 Serikali ya Uingereza ilitoa waraka, uliojulikana kwa namba 191, wa kuunganisha kazi za Kenya, Uganda na Tanganyika chini ya baraza moja, na katika baraza hilo Wazungu, Wahindi na Waafrika wasio maofisa wawe sawasawa kwa hesabu. Waafrika waliona ni afadhali kuliko yaliyokuwako. Walowezi wa Kenya wakaukataa kabisa usawa huo. Mwaka 1947 ukaja waraka mwingine, namba 210, na usawa umepunguzwa ili kuwaridhisha. Mathu akaupinga waraka huo wa pili, nao ukapita. Baraza la Afrika ya Mashariki likaanza kazi mwaka 1948. Hapo mwalimu yule alijifunza, kama alikuwa hajajifunza bado, kwamba ahadi ya Serikali kwa mtu asiye na kura huweza kuandikwa upya.

Lakini jambo tulilotaka hasa kuwasimulia ni la Mombasa, maana huko ndiko alikopimwa.

Mombasa, baada ya vita, ilikuwa mji wenye kazi nyingi na nyumba chache. Chakula na kodi za vyumba vilikuwa vimepanda, mishahara haikupanda navyo. Mwaka 1939 makuli walikuwa wamekwisha kugoma, Serikali ikaunda tume, tume ikaandika, na maandishi yakawekwa. Tarehe 13 Januari 1947 mji wote ukasimama. Hawakugoma watu wa bandari peke yao. Waligoma wa reli, wa hoteli, wa maofisini, hata wapishi na watumishi wa majumbani, jumla yao watu kama 15,000. Meli zilibaki gatini zimejaa shehena. Watu walikusanyika kila siku katika uwanja ambao wenyewe waliuita Kiwanja cha Maskini, wakaunda chama chao cha wafanya kazi, na Chege Kibachia akatokea kuwa kiongozi wao. Walikuwamo Wamijikenda, Wakamba, Waluo, Wakikuyu, Wataita, watu wa kila upande. Kiswahili ndicho kilichowafunga pamoja. Hatujui mfano mwingine wa siku zile ambapo lugha yetu hii ilifanya kazi kubwa kuliko hiyo katika mji mmoja.

Serikali ilileta askari. Ilisema kwanza warudi kazini, ndipo tutakapozungumza. Wagomaji wakasema tulizungumza mwaka 1939. Siku zikapita kumi. Akiba za watu zikaisha. Mtu mwenye watoto hawezi kula maneno ya mkutano. Pande zote mbili zilitaka njia ya kutokea, na hakuna upande uliotaka kuwa wa kwanza kuitafuta. Hapo ndipo Mathu aliposhuka kutoka Nairobi.

Fikirini hali yake. Yeye ni mjumbe wa Baraza, ameteuliwa na Gavana. Machoni pa kuli, hiyo yatosha kumtilia shaka. Tena si mtu wa pwani. Lakini ni Mwafrika, naye ndiye Mwafrika mmoja tu ambaye sauti yake ilifika ndani ya ile nyumba ambamo mambo yalikatwa. Alikwenda Kiwanja cha Maskini akasimama mbele ya watu wale. Aliwaambia warudi kazini, na kwamba malalamiko yao yatachunguzwa na mahakama maalumu wala si kwa tume ya maneno matupu. Walimsikia. Tarehe 25 Januari walirudi. Mahakama iliwekwa chini ya Jaji Thacker, na kabla mwaka haujafika kati iliamuru mishahara iongezwe, ikatoa na amri juu ya fedha za nyumba. Mwaka 1939 watu waligoma wakapata kitabu cha tume. Mwaka 1947 waligoma wakapata shilingi.

Kama habari ingekoma hapa, tungeweza kuisimulia kwa furaha tu. Mwezi wa Agosti mwaka uleule Serikali ilimkamata Chege Kibachia, ikampeleka mbali, Baringo, akakaa huko miaka mingi. Chama cha wafanya kazi kikadhoofika. Wale waliomsikiliza Mathu mwezi wa Januari walijiuliza mwezi wa Agosti alikuwa amewaambia nini hasa. Twasema wazi kwamba hatumlaumu kwa kifungo cha Kibachia. Yeye hakuwa na ufunguo wa jela. Lakini mtu anayesimama katikati hukopa imani upande mmoja ili ailipe upande wa pili, na deni likikataliwa na Serikali, wadai humwendea yeye, kwa sababu yeye ndiye aliyekuja kwa miguu yake mpaka kiwanjani.

Siku zile mambo mengine yalikuwa yamebadilika. Jomo Kenyatta alirudi kutoka Uingereza mwezi wa Septemba 1946, na tarehe 1 Juni 1947 alichaguliwa kuwa rais wa KAU, Gichuru akimwachia nafasi. Tangu hapo chama kilichoundwa ili kumwegemeza mjumbe mmoja kikawa na kiongozi mkubwa kuliko mjumbe. Watu maelfu walikwenda kumsikiliza Kenyatta viwanjani. Mathu aliendelea kuuliza maswali barazani. Kwa muda kazi hizo mbili zilisaidiana. Yule wa kiwanjani alitia watu moyo, yule wa barazani aliweka maneno yao katika kitabu cha Serikali. Mwaka 1948 wajumbe wa Kiafrika wakawa 4, na wote waliteuliwa. Ilidhaniwa kwamba njia imefunguka, nayo itapanuliwa kidogo kidogo.

Haikupanuka upesi ya kutosha. Ardhi haikurudishwa. Maelfu ya Wakikuyu waliokuwa wakiishi katika mashamba ya walowezi walifukuzwa pamoja na mifugo yao. Nairobi ilijaa vijana wasio na kazi. Kiapo kikaanza kupita usiku nyumba kwa nyumba. Mwaka 1952 Mathu alitiwa katika Halmashauri ya Utendaji ya Gavana, ya kwanza kwa Mwafrika, na miaka 5 nyuma jambo hilo lingekuwa sherehe ya nchi nzima. Lakini mwaka huo ulikuwa mwaka mwingine. Tarehe 7 Oktoba Chifu Mkuu Waruhiu aliuawa barabarani; tarehe 20 Oktoba ilitangazwa hali ya hatari; Kenyatta na wenziwe wakakamatwa. Mwezi wa Juni 1953 KAU ikapigwa marufuku. Mwezi wa Aprili 1954 Nairobi ilizungukwa na askari, na Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu walikusanywa wakapelekwa kambini.

Mathu alibaki barazani. Twaliandika neno hilo kwa kufikiri sana, maana hapo ndipo watu wanapogawanyika juu yake hata leo. Wako wasemao kwamba mtu mwenye heshima angaliondoka siku watu wake walipotiwa katika nyua za seng'enge. Wako wasemao kwamba angaliondoka, pasingalibaki hata mmoja wa kuuliza Serikali watu wangapi wamekufa na kwa nini. Sisi twaelekea upande wa pili, ingawa si kwa furaha. Tumekaa katika mikutano ya walimu ambamo mtu mmoja aliyebaki chumbani, akikunja uso na kuuliza maswali, alizuia jambo baya kuliko waliotoka nje kwa hasira. Tumeona pia aliyebaki akitumiwa kuwa pazia. Pengine Mathu alikuwa yote mawili katika juma moja.

Serikali yenyewe haikumlipa. Mwaka 1954 katiba mpya ilipoweka nafasi ya waziri mmoja wa Kiafrika, haikupewa Mathu, aliyekuwa mjumbe wa zamani kuliko wote, bali Ohanga.

Hatimaye kura ikafika. Mwezi wa Machi 1957, miaka 12 na zaidi tangu Mathu alipoapa, Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wao mara ya kwanza, viti 8. Haikuwa kura ya watu wote. Mpiga kura alipaswa kuwa na sifa za elimu, au mali, au utumishi, na mwenye sifa nyingi aliweza kupewa kura mpaka 3. Katika Jimbo la Kati, ambalo Mathu aliligombea, palikuwa na sharti zaidi: Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuandikwa ila awe na hati ya uaminifu kwa Serikali. Maelfu ya Wakikuyu, miongoni mwao watu ambao Mathu alikuwa ameyasema matatizo yao tangu 1944, walikuwa kambini au hawakuwa na hati. Wameru, ambao waliguswa kidogo na vita ile, waliandikwa kwa wingi. Tena mwaka 1955 Serikali iliruhusu vyama vya siasa vya wilaya, lakini katika Jimbo la Kati haikuruhusu. Kwa hiyo hapakuwa na chama cha kumpigania. Bernard Mate wa Meru akashinda. Mathu akashindwa.

Wala hakuanguka peke yake. Odinga alimshinda Ohanga, yule waziri. Muliro alimshinda W. W. W. Awori. Katika wajumbe wote wa kuteuliwa waliokuwako, walibaki Moi na James Muimi tu. Wapiga kura walifagia karibu kila mtu aliyepata kiti kwa mkono wa Gavana, na mara wajumbe wapya wakakataa kushika vyeo vya uwaziri chini ya katiba ile. Walidai viti zaidi, wakapata, na njia ya uhuru ikawa fupi. Wao walikuwa na jambo ambalo Mathu hakupata kuwa nalo: wakiulizwa barazani, Nani amekutuma? waliweza kujibu.

Wakati wa kuandika mazungumzo haya tulirudi tena katika maswali aliyoyauliza Mathu kwa miaka ile: ardhi, kipande, shule, mishahara sawa kwa kazi sawa, kura. Tuliyaweka kando ya madai ya wale wanane wa 1957. Tofauti ni ndogo kuliko tulivyotazamia. Sauti ndiyo iliyokuwa tofauti, na kiti walichosemea.

Kuhusu yeye mwenyewe, maisha hayakuishia katika kushindwa. Alifanya kazi katika tume ya uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa ajili ya Afrika, iliyo na makao yake Addis Ababa. Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, Kenyatta hakumsahau mtu ambaye jina lake ndilo lililokuwa sababu ya kuzaliwa kwa KAU. Akamwita awe katibu wake, kisha msimamizi wa Ikulu, kazi aliyoishika kwa miaka mingi. Nyumba hiyo ndiyo ileile waliyokaa magavana, aliyokaa yule aliyemteua mwaka 1944. Makamu wa kwanza wa Rais alikuwa Oginga Odinga, tangu 1964 hata 1966. Baada yake Joseph Murumbi. Kisha, tangu 1967, Daniel arap Moi. Walipofika Ikulu kwa shughuli za Serikali, wale wa kura ya 1957, mtu aliyesimamia nyumba ile alikuwa mwalimu wa Riruta.

Kijana yule wa chuoni alituuliza tena jioni iliyofuata, maana hakuridhika. Alisema, Basi alichaguliwa na nani? Tukamwambia aandike jibu mwenyewe, kurasa mbili, nasi tutalisahihisha. Ameandika kurasa tisa, na bado hajazileta.